Bei ya IST Huanzia Bandarini

Kwenye yadi za magari Dar es Salaam, dalali akiulizwa bei hujibu kwa herufi. "Hii namba E, bosi, na maongezi yapo." Herufi hiyo peke yake imeshaongeza hela. Lakini namba ya usajili inaonyesha gari liliingia lini kwenye daftari la Tanzania, si lilitoka lini kiwandani. Toyota IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, hivyo yenye namba C na yenye namba E zinaweza kuwa ndugu wa mwezi mmoja. Ila moja imezeekea kwenye lami ya Japani na nyingine kwenye mashimo ya Mbagala. Tofauti hiyo ina thamani yake, na thamani hiyo iko kwenye bushi na shokapu kuliko kwenye kibao cha namba.

Mnunuzi mjuzi huanza na swali jingine: gari kama hili, likiagizwa leo, litasimama shilingi ngapi hadi lipate kadi?

Tuseme IST ya 2005 yenye injini ya cc 1,500 imefika bandarini kwa dola 3,000, usafiri na bima ndani yake, na TRA imeikubali thamani hiyo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 750. Juu ya jumla hiyo ya 3,750 huja ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 ya uchakavu kwa sababu gari limevuka miaka 10. Hapo zimeongezeka dola 1,312 na ushee. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote, dola 911. Kodi peke yake zinakaribia 2,974, yaani karibu sawa na gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo ndogo na ujira wa wakala wa forodha. Isitoshe, TRA ina makadirio yake ya thamani, kwa hiyo risiti ya bei poa kutoka Japani haimshushii mtu kodi kirahisi.

Hesabu hiyo ndiyo dari. Gari la mkononi likiuzwa juu yake, mnunuzi ana haki ya kucheka. Ndiyo maana pia dola ikipanda, IST iliyoegeshwa Sinza tangu mwaka juzi hupanda bei ikiwa imelala.

Kutoka kwenye dari, mtu hushuka kwa kukagua. Dashibodi iwe ya mwisho kuaminiwa, maana kilomita hurudishwa nyuma. Mpira wa pedali ya breki ulioisha hadi chuma kuonekana, wakati dashibodi inasema kilomita 60,000, umeshatoa ushahidi. Boneti ikifunguliwa, macho yaende kwenye boliti zinazoshika fenda za mbele: rangi iliyobanduka kwenye vichwa vyake inaonyesha spana ilipita hapo. Mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho wake. Alama ya tope kule ndani, ambako hakuna anayeosha, inamaanisha gari limewahi kuzama. Hili la mwisho si la kupunguziwa bei. Ni la kuaga.

Gari lililoletwa na karatasi ya mnada wa Japani hurahisisha kazi. Daraja R hupewa gari lililofanyiwa matengenezo baada ya ajali, na kwenye mchoro wa bodi XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea huenda anasema kweli, lakini bei ya gari lisiloguswa asiitaje tena.

Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mgeni kufika ameficha jambo au ana haraka, na yote mawili yanasubirika hadi kesho asubuhi. Mguu ukiwa kwenye breki, gia ipelekwe R kisha D. Kishindo kikubwa kinahitaji fundi wa gia boksi, na huyo si wa bei ndogo. Premio, RAV4 na Noah zenye injini ya D4 hushuka bei hata zikiwa safi, kwa kuwa mafundi wengi wa mitaani huziogopa, na atakayezinunua leo atakutana na woga huohuo siku ya kuuza.

Kinachobaki ni karatasi na kalamu. Kila kasoro huandikiwa bei ya spea kama inavyouzwa Ilala au Kariakoo pamoja na ufundi, si kwa kukisia "laki mbili tatu". Tairi husomwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata bado zimesimama. Kisha namba ya gari huangaliwa deni la faini za trafiki na jina lililo kwenye kadi hulinganishwa na kitambulisho cha muuzaji. Deni likiwepo linakatwa kwenye bei palepale, na gharama ya kubadilisha umiliki huamuliwa ni ya nani kabla mkataba haujasainiwa.