Stesheni ya Milimita, Taa ya Kadiri

Katika treni za mfano za kipimo cha N, kila kitu hugawanywa kwa 160. Mlango wa mita 2 unakuwa milimita 12.5, mkuu wa stesheni mwenye kimo cha mita 1.75 anasimama milimita 11, na reli mbili zinaachana kwa milimita 9 tu. Mwaka 1972 kampuni ya Märklin ya Ujerumani iliteremka zaidi ikaleta kipimo cha Z, yaani 1:220. Mbao zinakubali kupunguzwa hivyo, chuma kinakubali, hata matofali. Kinachokataa ni mwanga. Ndiyo maana, kati ya mafundi wote wa kazi hii, ninaowastahi zaidi ni wale wa taa.

Tazama hesabu wanayokabiliana nayo. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinabaki milimita 25 kwa 25, lakini eneo la sakafu yake limepungua mara 25,600, maana urefu na upana vyote vimegawanywa kwa 160. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi. Sakafu ile ndogo, ili iangazwe kwa kiasi kile kile, inataka lumeni 0.03 tu. LED nyeupe, hata iwe ndogo namna gani, ikipewa umeme wake wote hutoa mwanga mwingi kupita hapo, na chumba cha tiketi kinawaka kama uwanja wa mpira usiku wa fainali.

Zamani tatizo lilikuwa joto. Balbu ndogo, zilizopewa majina ya punje ya ngano na punje ya mchele kwa ukubwa wake, ziliweza kulegeza paa la plastiki zikiachwa karibu nalo. LED ziliondoa hofu hiyo. Leo ipo inayoitwa 0402, yenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, inayoweza kukaa ndani ya kofia ya taa ya jukwaani. Fundi huishika kwa kibano, akailehemu kwenye nyaya za shaba zenye vanishi, nyembamba kama unywele, kisha akazipitisha ndani ya nguzo yenye tundu. Taa ya mita 7 inakuwa nguzo ya milimita 44, na nyaya zake hazionekani popote.

Seti mpya za majengo nazo zimeisaidia kazi hii. Kuta hukatwa kwa leza kutoka kadibodi ngumu au mbao nyembamba, na fremu ya dirisha hutoka nyembamba kiasi ambacho kisu cha mkono hakikiwezi. Lakini seti haimalizi kazi. Kwenye seti za plastiki, ukuta ukiwashiwa taa kwa ndani, wote hung'aa, na nuru huchungulia kwenye kila pembe iliyounganishwa vibaya. Basi kabla ya kufunga paa, fundi hupaka ndani rangi nyeusi ya kuzuia mwanga, juu yake nyeupe ya kuurudisha chumbani, akaziba pembe, akatenga vyumba kwa vipande vya kadibodi. Halafu hufanya jambo linalohitaji jicho la mtu aliyeishi katika nyumba: huchagua dirisha lipi libaki giza, kwa sababu hakuna jengo ambalo kila chumba kina mtu.

Kisha huja rezista, kipande kinachobana mkondo wa umeme. Kwenye umeme wa volti 12, LED nyeupe hutumia volti 3 hivi. Rezista ya omu 1,000 huipitishia miliampia 9, na ile ya omu 10,000 huipitishia 0.9 tu. Mara nyingi hiyo ya pili ndiyo inayofaa, na wengine hupanda juu zaidi. Kampuni ya Woodland Scenics ya Marekani imeliona hilo: katika mfumo wake wa Just Plug, kila taa ina kirekebishi chake cha mwanga. Rangi nayo hupimwa. Stesheni ya enzi ya injini za mvuke haiwezi kuwa na mwanga wa buluu wa hospitali. Inataka umanjano wa kandili, chini ya kelvini 3,000.

Mabehewa yana mtihani wake. Umeme wake hutoka relini, na vumbi kidogo tu huzifanya taa zipepese. Fundi huficha kapasita chooni au chini ya viti, nayo hushikilia umeme kwa ile nukta ya sekunde ambayo gurudumu limepoteza mguso. Abiria wa plastiki hawatajua, ila mtazamaji ataliamini behewa.

Anayetaka kujifunza hahitaji mji mzima. Anunue seti ya kibanda kimoja cha reli, LED moja ya mwanga wa umanjano na rezista za viwango mbalimbali. Azime taa ya chumba, aanze na omu 1,000, apande hatua kwa hatua, na baada ya kila badiliko alizoeshe jicho giza kabla ya kuamua. Atajua amefika pale atakapoacha kuitazama taa, akaanza kujiuliza ni nani anayefanya kazi mle ndani usiku huo.