Bakuli Lisomwe Kitakoni

Anayeokota kigae kinachometameta rangi za upinde wa mvua huko Mtambwe Mkuu, Pemba, huvutwa kwanza na ule mng'ao, akadhani amemwona fundi. Sivyo. Vyombo vya Uajemi vya michoro ya kukwaruzwa, vya karne ya 11 na 12, vilivyofika kisiwani havikutoka tanuruni na rangi hizo. Mfinyanzi aliupaka udongo mwekundu tope jeupe, akakwaruza kwa ncha kali mpaka wekundu ukajitokeza, kisha akafunika kwa rangi ya risasi, kijani au manjano, iliyoyeyuka motoni ikawa kioo. Mng'ao ulikuja baadaye. Unyevu wa ardhini ulikila kile kioo polepole, ukaacha matabaka membamba mno, na nuru ikiyapiga ndipo zambarau na fedha huzuka.

Mkono wa fundi umo katika mchoro. Mstari unaingia kwa kina, unapinda, unakonda pale ncha ilipoinuliwa. Kijani nacho kimeuvuka kikatiririka kuelekea katikati ya bakuli. Kwangu mimi, mtiririko huo ndio uzuri wenyewe: mstari umechorwa kwa haraka ya mtu anayejua kwamba moto utamalizia. Bakuli la Longquan, kutoka Zhejiang nchini China, halina haraka hiyo. Kijani chake kizito kimetulia juu ya petali zilizochongwa, na ukiligeuza, pete ya kitako isiyopakwa rangi imeungua ikawa nyekundu ya kutu.

Kwa bakuli la kioo mambo hugeuka. Katika miaka ya 1890, Tiffany wa New York na kiwanda cha Loetz huko Bohemia walitafuta kwa makusudi mng'ao wa vioo vya Kirumi vilivyofukuliwa, wakivipitisha vioo vya moto kwenye mvuke wa chumvi za madini. Hapo mng'ao ni kazi ya fundi kweli. Lakini kwa kuwa wengi waliuiga, na vyombo vingi vya Loetz havina saini, bado itabidi kuligeuza bakuli na kutazama kovu la fimbo ya mpuliza kioo.

Makaburi ya nguzo, kama ya Ras Mkumbuu huko Pemba, yanatunyima nafasi hiyo ya kuligeuza bakuli. Mwashi alipolipachika bakuli ukutani alituachia tumbo lake tu, kitako akakizika ndani ya chokaa. Hata hivyo, palipobanduliwa bakuli, chokaa huweza kuwa bado imeshika upana wa pete na mwinamo wa ubavu. Anayekarabati makaburi hayo asizibe tundu hata moja kabla halijapimwa.