Jino na Jeni: Uhakiki wa Mbinu za Kutambua Nematodi Wawindaji wa Udongoni

Sehemu hii inahakiki dai kwamba DNA imeiondolea mofolojia nafasi yake katika kutambua nematodi wawindaji wa oda ya Mononchida. Tangu Cobb (1917) achapishe kazi yake, kundi hili limetambuliwa hasa kwa kinywa: chemba pana yenye kuta nene na jino upande wa mgongo. Mylonchulus ana pia safu za vijino vidogo. Anatonchus ana meno matatu makubwa. Sifa hizi hubainisha jenasi vizuri. Hata hivyo, katika ngazi ya spishi vipimo vya mwili hupishana, na madume ni adimu katika spishi nyingi.

Hapo ndipo DNA inapohitajika. Blaxter na wenzake (1998) walitumia jeni ya 18S kufafanua nasaba ya nematodi kwa jumla. Lakini jeni hiyo hubadilika polepole mno kuweza kutenganisha spishi za karibu. Ndiyo maana sehemu ya D2-D3 ya 28S hutumiwa pia. Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba mnyoo huyeyushwa ili DNA ipatikane. Jina likikosewa, hakuna kielelezo cha kurejelea, na kosa hurithiwa na kila mtafiti anayelinganisha mfuatano wake na huo.

De Ley na wenzake (2005) walipendekeza mnyoo arekodiwe kwa video ya hadubini kwanza. Kwa msingi huo, tunashikilia kwamba mfuatano usioambatana na taswira ya kinywa usikubaliwe kuwa ushahidi kamili wa spishi.