Vijiti Katika Shamba la Viazi

Kuresoi, Kenya, ni nchi ya viazi. Kuanzia Keringet hadi Olenguruone, kwenye baridi ya nyanda za Mau, wakulima wengi hupanda mbegu waliyoitoa kwenye mavuno yao wenyewe. Vikubwa huuzwa, vidogo hubaki kuwa mbegu. Kumbe mara nyingi mmea ulioshikwa na virusi ndio unaozaa vidogo, na virusi hivyo hurudi shambani pamoja na mbegu. Hivyo mavuno hupungua msimu baada ya msimu, ingawa mvua na mbolea ni zilezile.

Wataalamu wa magonjwa ya mimea walilijua hili zamani. Kazi ngumu ilikuwa kulisema kwa namna ambayo mwenye shamba angeweza kuitumia. Mwaka 2007 Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao Lima, Peru, kilitoa kitabu cha kufundishia wakulima kuchagua mbegu. Waandishi wake, akiwemo Peter Gildemacher, waliliandaa somo hilo nchini Kenya, na leo kitabu kinapatikana bure kwenye intaneti.

Nimekisoma polepole, na kila hatua inanionyesha mkono wa fundi. Viazi vinapoanza kuchanua, mkulima anapita shambani na kuchomeka kijiti kando ya kila mmea wenye nguvu na majani safi. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu mmea ukishakomaa majani huwa ya njano yenyewe, na dalili za ugonjwa hupotea humo. Baada ya wiki mbili anarudi; mmea uliougua hunyang'anywa kijiti. Siku ya kuvuna, mimea yenye vijiti huchimbwa kwanza, shina moja moja, na shina lenye viazi vichache au vilivyopinda huondolewa kwenye mbegu.

Hakuna neno la maabara hapo, wala sayansi haikupunguzwa. Wakati wa kuchomeka una sababu yake, na ukaguzi wa pili upo kwa sababu jicho hukosea. Hata mpaka wa njia hii unajulikana: mnyauko wa bakteria hukaa udongoni, na mmea unaoonekana mzima unaweza kuubeba, kwa hiyo vijiti pekee haviumalizi. Mwandishi anayetaja mpaka huo anamheshimu msomaji, maana hasara ikitokea si mwandishi atakayeilipa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba wakulima waliachiwa wapime wenyewe. Mbegu ya vijiti ilipandwa bega kwa bega na mbegu waliyozoea kuchagua, shamba moja, matunzo yaleyale. Gildemacher na wenzake walipochapisha matokeo ya majaribio hayo mwaka 2011, katika jarida la Potato Research, ongezeko la wastani lilikuwa asilimia 34. Aliyeshika jembe alikuwa ameshaliona kwenye magunia.

Jirani na Kuresoi, Njoro, kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Kila tasnifu ya kilimo inayoandikwa hapo inastahili ukurasa mmoja wa namna hii, uliowekwa wazi mtandaoni: jambo la kufanya, wakati wa kulifanya, sababu yake, mpaka wake, na njia ya mkulima kulipima kabla ya kuliamini. Kuandika ukurasa huo ni utafiti pia, na upewe muda na heshima ya utafiti.