Waya wa Akina Roebling na Daraja la Brooklyn

Daraja la Brooklyn, lililofunguliwa New York Mei 24, 1883, husimuliwa kuwa ni kazi ya watu watatu: John Roebling aliyelibuni, mwanawe Washington aliyelijenga, na Emily, mke wa Washington, aliyepeleka maagizo kwa wahandisi mumewe alipolemazwa na ugonjwa. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanakiruka kiwanda. Kabla hawajawa wajenzi wa madaraja, akina Roebling walikuwa wasokotaji wa kamba za waya, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo mzizi wa ufundi wao. Waliokuwa wakitengeneza waya kila siku walijua unavyoweza kudanganya, wakauwekea akiba katika mahesabu.

John alizaliwa Prussia mwaka 1806, akahamia Marekani mwaka 1831. Huko Pennsylvania wakati huo mashua za mfereji zilikuwa zikivutwa juu ya milima kwa kamba nene za katani, zilizochakaa upesi na zikikatika zilihatarisha watu na mizigo. Mwaka 1841, katika kijiji cha Saxonburg, alianza kusokota kamba za waya akisaidiwa na majirani zake. Mwaka 1849 akahamishia kiwanda Trenton, New Jersey. Kiwanda na madaraja vilikua pamoja. Daraja lake la Niagara, lililokamilika mwaka 1855, lilipitisha garimoshi wakati wahandisi wengi waliamini daraja la kuning'inia haliwezi kuhimili uzito huo. Mwaka 1869 feri ilimponda mguu akipima eneo la Brooklyn, akafa kwa pepopunda. Washington alikuwa ameshafanya kazi naye Pittsburgh na Cincinnati, na alikuwa amekwenda Ulaya kusomea uchimbaji wa misingi chini ya maji. Kwa hiyo alichorithi hakikuwa jina tu.

Tazama kebo ilivyofumwa. Gurudumu lilivuta kitanzi cha waya wa feleji uliopakwa zinki kutoka nanga moja hadi nyingine, zaidi ya mita 1,000, likilaza nyaya mbili kila safari. Nyaya hazikusokotwa, zililazwa sambamba, na kila mmoja ulipaswa kuning'inia kwa mnepo uleule, kwa sababu waya uliokazwa kupita wenzake hubeba mzigo usio wake. Jua likiwaka chuma kinarefuka na vipimo vinapotea, hivyo kurekebisha mnepo kulitaka subira kubwa. Sasa fikiria waya mbovu umeingia humo. Ndivyo ilivyotokea. Wadhamini wa daraja walikataza kununua kwa kampuni ambayo mhandisi ana hisa, Washington akauza zake katika kampuni ya familia, lakini zabuni ya waya akapewa mtengenezaji mwingine, J. Lloyd Haigh. Mwaka 1878 ikagundulika kwamba waya uliokaguliwa na kupewa cheti ulikuwa ukibadilishwa njiani kwa waya uliokataliwa, kisha ule mzuri unarudishwa kukaguliwa upya. Zaidi ya tani 200 za waya mbovu zilikuwa tayari ndani ya kebo, na hazikuweza kutolewa. Kilichookoa daraja ni kwamba kebo zilipangwa ziwe na nguvu mara sita ya mzigo. Washington alikokotoa kwamba hata pamoja na udanganyifu huo zingebaki na nguvu mara tano, akaamuru nyaya kama 150 ziongezwe katika kila kebo kwa gharama ya Haigh. Ndiyo maana kila kebo ina nyaya 5,434.

Yapo mapingamizi dhidi ya hoja hii ya kiwanda, na si mepesi. La kwanza ni kwamba wadhamini walikuwa na haki: mhandisi anayejiuzia waya hana wa kumkagua. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Lakini kanuni yao ilichunguza hisa za mhandisi, haikuchunguza mkokoteni ulipopita kati ya kiwanda na daraja, na mlango wa wizi ulikuwa hapo. La pili ni Emily, ambaye hakukulia kiwandani wala hakuwa wa damu ya Roebling. Yeye kwangu ni ushahidi, si kasoro. Alijifunza hesabu za kebo na uimara wa vifaa hadi mwaka 1882 akaweza kumtetea mumewe mbele ya wahandisi wa Marekani. Ujuzi wa familia ulikuwa kitu kinachofundishika, wala haukutegemea kipaji cha kuzaliwa nacho. La tatu ndilo zito zaidi: daraja la Golden Gate la San Francisco, lililofunguliwa mwaka 1937, halikuwa na Roebling kwenye kiti cha mhandisi mkuu, na limesimama. Ni kweli. Ila kampuni ya Roebling haikupeleka waya San Francisco ikaondoka. Ilitengeneza waya Trenton na mji wa kiwanda wa Roebling ulio jirani, kisha watu wake wakaenda kuufuma papo hapo, nanga hadi nanga, wakiwajibika kwa kebo nzima hadi mwisho.