Kazi Kama Msuko: Uhakiki wa Victorian Farm na Mifululizo Iliyoandamana Nayo

Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, limewahi kuonyesha mifululizo kadhaa ya vipindi vya runinga kuhusu ukulima wa kale: Tales from the Green Valley (2005), Victorian Farm (2009), Edwardian Farm (2010), Wartime Farm (2012) na Tudor Monastery Farm (2013). Mbinu ya yote ni moja. Wataalamu wachache wa historia na akiolojia huingia katika shamba, wakavaa mavazi ya enzi iliyoteuliwa, wakashika zana zake na kufuata majira ya mwaka. Swali linalomkabili mhakiki ni hili: mtazamaji, hasa yule ambaye hajawahi kukanyaga Uingereza, hupata burudani gani katika kuwatazama watu wakipura ngano na kusugua meko? Makala haya yanadai kwamba burudani hiyo ina chimbuko la kifasihi, kwa kuwa kazi yenyewe imefanywa msuko. Aidha, yanadai kwamba msuko huo una pengo, nalo ni kukosekana kwa hofu iliyomsukuma mkulima wa kale kufanya kazi.

Tuanze na Victorian Farm, ambayo ndiyo iliyokamilika zaidi kisanaa. Mandhari yake ni shamba la Acton Scott katika jimbo la Shropshire. Wahusika wakuu ni mwanahistoria Ruth Goodman na waakiolojia wawili, Alex Langlands na Peter Ginn. Mwongozo wao ni The Book of the Farm, kitabu cha Henry Stephens cha miaka ya 1840. Hapa hamna jahili wala mapenzi, na hamna zawadi inayoshindaniwa. Hata hivyo taharuki ipo tele. Je, mbegu itaota? Kondoo atazaa salama? Mvua itangoja ngano ivunwe? Aristotle aliueleza msuko kuwa ni uigaji wa tendo. Katika mfululizo huu tendo ni kulima, na majira ndiyo yanayolipa mwanzo, kati na mwisho. Mtazamaji hahitaji kuijua Shropshire ili aelewe maana ya wingu jeusi juu ya shamba lililokomaa.

Ufanisi mwingine umo katika usawiri wa kazi za nyumbani. Goodman anapofua nguo, tunaoneshwa hatua baada ya hatua: maji yanabebwa, yanachemshwa, nguo zinapondwa na kukamuliwa, na mwili wa mfuaji unachoka mbele ya macho yetu. Katika riwaya nyingi za maisha ya shambani nguo hufuliwa baina ya sura mbili, pasipo msomaji kujua. Raymond Williams, katika The Country and the City (1973), alionyesha jinsi fasihi ya Kiingereza ilivyozoea kuisifu mashamba huku ikimficha mtu aliyeyalima. Mifululizo hii inajibu sehemu kubwa ya shutuma hiyo. Mfanyakazi hafichwi tena, na kazi ya mwanamke inapewa uzito sawa na ile ya kukokota plau kwa farasi.

Sehemu isiyojibiwa inahusu umilikaji wa ardhi. Mkulima wa Kiingereza wa enzi ya Malkia Victoria kwa kawaida alikuwa mpangaji aliyelipa kodi kwa mwenye shamba. Mwaka wa 1879 mvua iliharibu mavuno kote Uingereza. Wakati huohuo ngano rahisi kutoka Marekani ya Kaskazini ilikuwa ikizishusha bei, na vibarua wengi wakahama mashamba. Kwa mkulima kama huyo, wingu jeusi lilimaanisha deni, na pengine kufukuzwa. Kwa wahusika wetu watatu, wingu hilohilo linamaanisha kipindi chenye kusisimua. Mavuno yakiharibika wataondoka na masimulizi mazuri. Tunapaswa basi kutofautisha uhalisia wa zana na uhalisia wa hali. Kuhusu zana, mifululizo hii ni makini mno. Kuhusu hali, inakopa umbo la futuhi: matatizo yote yanaelekea kwenye karamu ya mavuno.

Wartime Farm, iliyorekodiwa katika jimbo la Hampshire, inathibitisha hoja hii kwa njia ya kinyume. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kamati za kilimo za majimbo nchini Uingereza zilikuwa na mamlaka ya kuamuru malisho yalimwe, na hata ya kumnyang'anya shamba mkulima aliyeshindwa. Mamlaka hiyo inapoingia katika usimulizi, kazi ileile ya kulima inapata uzito mpya, maana sasa yupo mtu mwenye uwezo wa kumwambia mkulima, "Toka." Mandhari hayavutii kama yale ya Shropshire, lakini mgogoro ni mzito zaidi.

Msimamo wa mtazamaji nao hauna budi kuzingatiwa. Mwingereza huitazama plau ya kukokotwa na wanyama kama kumbukumbu. Mtazamaji wa Ukambani au Nyanza anaweza kuwa aliiacha plau ya maksai nyuma ya nyumba asubuhi hiyohiyo. Kwake, kipindi si cha historia bali ni cha ulinganisho, na pengine atawacheka wataalamu hao kwa namna wanavyoshika mpini. Hali kadhalika, Edwardian Farm inarejelea miaka ya mwanzo wa karne ya ishirini katika bonde la mto Tamar, huko Devon. Takriban katika miaka hiyo, sheria za ardhi za mwaka wa 1902 na 1915 ziliwagawia walowezi mashamba ya Kenya. Haifai kuudai mfululizo kuhusu Devon usimulie habari za Kenya. Hata hivyo, msomaji anayetoka katika historia hiyo atauliza upesi kuliko wengine: shamba hili ni la nani?

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Mtazamaji wa runinga hulia kivulini bila kuchuma, na hiyo ni haki ya kila hadhira. Hatuoni sababu ya kuibeza burudani hiyo. Waandishi wetu wa tamthilia za runinga wangefaidika kwa kuchunguza jinsi kufua, kupura na kuzalisha mifugo kunavyoweza kubeba kisa kizima pasipo hila za msuko wa kawaida. Lakini atakayeiga mbinu hii hapa kwetu asiliache nje deni la mbegu, wala hatimiliki, wala ndugu wanaogombea mpaka. Mambo hayo ndiyo yanayomwamsha mkulima alfajiri, na bila hayo shamba kwenye kioo litabaki kuwa bustani ya kutembelewa.