Anza na Weupe wa Karatasi

Ukioneshwa picha ya rangi za maji iliyochorwa nje mashambani Uingereza, mwezi wa Aprili, usikimbilie maua wala anga. Tafuta weupe. Katika sanaa hii weupe bora ni karatasi yenyewe, na mchoraji huamua mapema, brashi ikiwa bado kavu, ni wapi hapataguswa. Thomas Girtin alifanya hivyo mwaka 1800 alipochora nyumba nyeupe ya Chelsea, picha iliyopo katika makumbusho ya Tate, London. Nyumba ile na taswira yake kwenye maji ya mto Thames ni karatasi tupu, na hakuna kingine kinachong'aa kuzishinda.

Ishike picha mshazari, mwanga uipige ubavuni. Weupe uliobakishwa una uso uleule wa karatasi. Uliokwanguliwa kwa wembe huonesha nyuzi zilizochanika. Uliopakwa juu hukaa kama chokaa ukutani. Si kwamba rangi nzito ni haramu: Samuel Palmer, katika "In a Shoreham Garden" ya yapata mwaka 1830, aliirundika kwenye mti uliochanua hadi mti ukaonekana kuelemewa na maua. Yeye alikusudia. Ninachokikataa ni doa jeupe lililobandikwa baadaye kufukia kosa.

Kisha kijani, na hapa ndipo wengi huangukia. Majira ya machipuko hayana kijani kimoja. Mierebi hutangulia na unjano wake. Mwaloni huchelewa, na majani yake machanga mara nyingi huwa na wekundu wa shaba. Aliyekamua kijani cha tyubu na kukipaka kila mahali hakuitazama miti iliyokuwa mbele yake. Fundi huchanganya njano na buluu, akakipooza kijani kwa tone la nyekundu.

Baridi ya asubuhi huchelewesha karatasi kukauka. Brashi yenye maji mengi ikigusa rangi iliyokauka nusu, maji husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye ukingo wa meno meno. Moja angani linavumilika. Yakizidi, mchoraji alikosa subira. Kagua na vivuli: cha mti kikielekea kulia na cha ukuta kushoto, jua lilimwacha nyuma.

Ukiridhika na picha ukainunua, usiitundike panapopigwa na jua. Buluu ya nili aliyotumia Girtin imepauka katika picha zake kadhaa, na mawingu yamebaki na wekundu ambao hakuuchora. Ndiyo maana makumbusho huziwashia picha za rangi za maji taa hafifu, takriban luksi 50.